Mwanangu, Mkeo Hana Ukatili: Mpeleke Mbwa Akahasiwe

*Shangazi, shikamoo. Nina mke, na nina mbwa jike mdogo wa manyoya marefu. Mbwa ana miaka minne na ameshazaa mara tatu. Watoto wake wanagombewa, napata hela nzuri. Uzao wa mwisho walikuwa watano, mmoja akafa. Siku moja nikiwa safarini mama yao alitetemeka kidogo, mke wangu akampeleka kwa daktari usiku. Tangu hapo anang'ang'ania ahasiwe. Nimemwambia kumtoa kiumbe kizazi ni ukatili, tena nimeshapokea hela za watu watatu wanaosubiri uzao ujao. Sasa amenuna, hata chumba amehama. Mimi ndiye mwenye nyumba. Nimweleze vipi aelewe?*

Marahaba, mwanangu. Pole, nyumba yenye kununiana inachosha. Ila barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikirudia namwona mkeo zaidi kuliko ninavyokuona wewe.

"Alitetemeka kidogo." Nani alikwambia ni kidogo, na wewe hukuwepo? Mbwa mdogo anayenyonyesha watoto wengi huweza kuishiwa kalsiamu kwenye damu, kwa sababu maziwa yanaikomba. Anaanza kuhangaika na kuhema, miguu inakakamaa, mwili mzima unatetemeka, homa inapanda. Daktari asipowahi kumtia kalsiamu kwenye mshipa, anaweza kufa ndani ya saa chache. Kwa maelezo yako, sina shaka sana kwamba hicho ndicho mkeo alichokibeba mikononi usiku ule. Na akitoka hapo mama hutengwa na watoto kwa muda, wanalishwa kwa chupa usiku kucha. Aliyewalisha ni nani, mwanangu? Hukuandika. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Umetaja hela mara mbili. Jina la mkeo hukulitaja hata mara moja.

Sasa huo ukatili unaousema. Jike asiyehasiwa yuko hatarini kujaa usaha kwenye mji wa mimba, na mara nyingi hutokea wiki chache baada ya joto lake, yaani siku za kutaka dume, kwisha. Utamwona anakunywa maji kupita kiasi, hali chakula, amelala tu. Wengine hutoka uchafu nyuma, wengine hawatoki kitu, na hao ndio wanaokufa watu wakidhani ni uvivu. Mara nyingi tiba yake ni kutoa kizazi hichohicho unachokitetea, ila wakati huo anapasuliwa akiwa mahututi. Yapo pia mauvimbe ya matiti. Hapo nikuambie ukweli: kinga kubwa anaipata jike anayehasiwa kabla ya joto la kwanza, na wako ameshapita huko. Na wale wanaosema jike lazima azae walau mara moja ndipo atulie, hawana msingi.

Madhara yapo, sikufichi. Atanenepa usipompunguzia chakula, na baadhi ya majike huja kuvuja mkojo. Wenye mbwa wa miili mikubwa nao wasikimbilie kuhasi mtoto. Wamuulize daktari, maana wengi hushauriwa wangoje hadi mifupa ikomae, mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. Wako ni mdogo wa mwili na mtu mzima. Hana cha kungoja, isipokuwa asiwe kwenye joto siku ya kupasuliwa.

Wala sikatazi watu kuzalisha mbwa. Ninaowaheshimu humpima jike na dume magoti, moyo na macho kabla ya kuwakutanisha, maana mbwa wadogo wengi hurithishana magoti yanayoteguka. Humpumzisha mama. Hawamtoi mtoto kabla ya wiki nane. Mnunuzi akishindwa kumlea, wanampokea arudi. Wewe katika barua nzima hujaniambia hata dume alikuwa wa nani. Unachofanya ni kupokea hela ya mimba ambayo bado haijaingia.

Ndoa nyingi za siku hizi zinaumia hapahapa. Mmoja anasema "mimi ndiye mwenye nyumba", mwingine ndiye anayeamka usiku. Huyu anahesabu kilichoingia mfukoni, yule anafua matambara yenye damu, kisha siku akisema amechoka anaitwa mkali. Mwanamke hahami chumba kwa ajili ya mbwa, baba. Amehama kwa sababu aliogopa peke yake, na uliporudi ukamuuliza habari za wateja. Nani asingenuna?

Kesho rudisha hela za wale watatu, zote. Mpigie daktari wa wanyama, panga siku. Akishapasuliwa, wewe ndiye utakayelala naye sakafuni, siku kumi hadi kumi na nne: asirukeruke, asilambe kidonda, ukikague asubuhi na jioni kama kimevimba au kinatoa maji. Usimwachie mkeo hata siku moja.

Ila kabla ya hayo, leo usiku kagonge mlango wa chumba alichohamia. Mwombe akusimulie usiku ule tangu mwanzo, nawe usimkatize. Kisha muulize yule mtoto wa tano alimzika wapi.