Kwa binti wa Wete anayetaka kusoma panki

Jumanne iliyopita usiku, nishazima taa, simu ikaingia ujumbe. Ni binti wa Wete, Pemba, kamaliza kidato cha sita. "Assalam alaykum maalim. Nilisoma ulivyoandika kuhusu Poly Styrene, yule mwimbaji wa panki wa Uingereza. Nataka niende chuo nisome mambo hayo, na mie niandike. Baba anasema muziki si elimu. Mwalimu wangu wa skuli anasema kama ni lazima muziki, basi nisome taarab, angalau ni yetu. Wewe ulifanyaje?"

Niliwasha taa nikakaa kitako. Hayo maneno ya "angalau ni yetu" yamenikaa kooni miaka 15. Nilimjibu binti kwa ufupi usiku uleule, lakini najua mko wengi mnaotaka njia hii ya kusoma panki, ule muziki wa vijana wa Uingereza na Marekani wa miaka ya 1970, na ufupi hautoshi.

Nianze na fulana. Mwaka 2001 nilinunua fulana ya mtumba Darajani, nyeusi, imepauka mabegani. Kifuani ina duara, na ndani ya duara tai kakunjua mbawa: mguu mmoja kashika tawi la mtufaa, wa pili kashika gongo la besiboli, na majina manne yamemzunguka. Mama aliiona kwenye kamba akasema, "Hii nembo ya serikali ya Marekani hii, usiende nayo msikitini." Niliivaa mpaka ikatoboka. Siku moja Forodhani, nasubiri urojo, mgeni mmoja mtu mzima akanisimamisha akaniuliza wimbo gani wa Ramones naupenda zaidi. Mie sikujua kama Ramones ni watu. Nikamjibu, "Yote." Akatabasamu, akaondoka zake, na mimi nikabaki na bakuli mkononi, masikio yanawaka. Kesho yake nililipia saa nzima kwenye duka la intaneti Shangani nijue nimevaa nini: Ramones ni kundi la panki la Marekani.

Nilichokikuta hakikuwa nywele wala pini za mashavuni. Kilikuwa hesabu. Nilisoma kwamba Desemba 1976 kundi la Manchester liitwalo Buzzcocks lilikopa pauni 500 kwa marafiki na jamaa, likarekodi nyimbo nne, likatengeneza sahani za santuri 1,000 na kuziuza lenyewe Januari 1977. Hawakungoja kampuni ya London iwaite. Nilikuwa na miaka 17 na nilijua kitu kama hicho, nilikuwa nimekiona kwa macho yangu Jang'ombe.

Ami yangu alikuwa akipiga sanduku kwenye kidumbak. Kwa wasioijua: ni sanduku la chai la mbao limefudikizwa chini, fimbo imesimamishwa ukingoni, na kamba moja imetoka ncha ya fimbo mpaka katikati ya sanduku. Ami alikanyaga sanduku kwa mguu mmoja lisiruke, mkono wa kushoto akivuta fimbo. Kamba ikikaza sauti inapanda, akilegeza inashuka, na wa kulia unadonoa. Pembeni fidla, dumbak mbili ndogo, cherewa na mkwasa, na harusi inakesha. Watu wa vilabu vikubwa vya taarab, wenye kanuni na udi, zile ala za nyuzi, waliiona kidumbak ni ya watu wa chini. Ami alijua wanavyomuona. Alichonijibu nilipomuuliza ni kwamba sanduku halikumgharimu kitu, na mwezi ule alikuwa na harusi sita.

Miaka ikapita, nikapata ufadhili nikaenda Uingereza. Maktabani, natafuta historia ya panki, nikarudi nyuma mpaka muziki wa skifli wa miaka ya 1950, ule ambao hata John Lennon wa Beatles alianza nao akiwa skuli. Nikafungua ukurasa nikakutana na picha: kijana wa Kiingereza kakanyaga sanduku la chai, fimbo mkononi, kamba moja. Nilitoka nje kwenye baridi nikampigia ami. Hakushangaa hata kidogo. Aliuliza tu, "Kamba wanatumia ya nini?"

Hapo ndipo tasnifu yangu ilipozaliwa. Miaka minne ya kuiandika naipita, ni kukaa na kufuta.

Sasa nije kwenye donda. Mwaka 2011 nilisimama kwenye mkutano wa wasomi, mara yangu ya kwanza, nikasoma makala kuhusu vijana wa panki na namna walivyojipangia biashara. Nilipomaliza, profesa mmoja mwenye jina akanyanyua mkono, akasema kazi ni nzuri, ila haelewi kwa nini mtu wa Zanzibar asiandike kuhusu taarab, maana hapo ndipo angekuwa na la kutuambia. Ukumbi mzima ukatikisa kichwa kukubali. Wao, wasomi wa ng'ambo, waliruhusiwa kuja kwetu kusoma taarab, unyago na pepo, na wakirudi kwao ni mabingwa. Mimi nikisoma cha kwao, nimepotea njia.

Jibu lake nimelipata baadaye, na nakupa wewe bure. Stuart Hall alizaliwa Kingston, Jamaica, akafika Uingereza mwaka 1951 kusoma Oxford, na tangu 1968 akakiongoza kile kituo cha masomo ya utamaduni cha Chuo Kikuu cha Birmingham kilichofungua njia ya kuwasoma vijana wa Kiingereza, mavazi yao na muziki wao, kama jambo zito. Dick Hebdige, ambaye kitabu chake cha mwaka 1979 kila anayesoma panki lazima akipitie, alikuwa mwanafunzi wa pale. Somo lenyewe basi lilijengwa na mtu wa visiwani.

Na hiyo panki unayoambiwa si yetu, ilikuwa ya nani? Kwenye klabu ya Roxy, London, mwaka 1977, aliyekuwa akipiga sahani ni Don Letts, kijana wa wazazi wa Kijamaika, na alipiga rege kwa sababu sahani za panki zilikuwa hazijatosha kujaza usiku. Na huyo Poly Styrene aliyekuvutia wewe binti: jina lake la kuzaliwa ni Marianne Elliott-Said. Baba yake Msomali. Said, kama akina Said tuliokaa nao baraza moja Malindi. Siku ya kutimiza miaka 19, tarehe 3 Julai 1976, aliwaona Sex Pistols, kundi la panki la London, kwenye gati ya Hastings, na mwaka huohuo akaunda kundi lake, akapanda jukwaani na waya za meno mdomoni bila ya kuzificha. Atakayekwambia hapo huna la kusema, mwambie akae chini akusikilize.

Nilirudi nyumbani 2014 na shahada ya uzamivu, na nyumbani nako nikakaushwa. Kwenye usaili mmoja mzee wa jopo aliuliza, "Panki ndiyo wale wenye nywele za jogoo?" Wakacheka wote. Nikacheka nao, na ndilo ninalojutia mpaka leo, kwamba nilicheka nao. Kazi sikupata. Ya pili nayo sikupata. Miaka miwili nilifundisha Kiingereza wahudumu wa mahoteli Nungwi, na mama akawa haulizi tena habari za chuo.

Kazi niliyonayo niliipata kwa sababu somo la biashara ya muziki halikuwa na mtu wa kulifundisha. Wanafunzi tisa, chumba kimoja, feni moja. Siku ya kwanza niliwagawia fotokopi ya jalada la sahani ya kwanza ya Scritti Politti, kundi la Uingereza, ya mwaka 1978. Jalada lenyewe lilikuwa karatasi ya fotokopi iliyokunjwa kwa mkono, na juu yake kundi limeandika gharama zake zote: studio kiasi gani, masta, yaani ile rekodi ya asili, kiasi gani, kutengeneza sahani kiasi gani, karatasi za lebo kiasi gani, ili kijana mwingine akiishika ajue inawezekana. Nikawaambia: na nyinyi niandikieni jalada hili la wimbo wenu wa mwisho. Kila kitu, mpaka nauli na soda.

Mwanafunzi mmoja, mpiga kanuni, akaandika la usiku wa hoteli. Analipwa shilingi 30,000. Kanuni haiingii kwenye daladala usiku, kwa hiyo teksi 12,000 kwenda na kurudi. Nyuzi, akigawa kwa usiku, 3,000. Kilichobaki ni 15,000, na bado hajala. Alikodolea macho karatasi muda mrefu. Kisha akasema hoteli ilimpiga video na inaiweka kwenye matangazo yake, wala hakuulizwa. Hakuna mkataba. Miaka mitatu hana hata karatasi moja.

Tukakaa muhula mzima na karatasi yake. Tulisoma sheria ya hakimiliki ya Zanzibar ya mwaka 2003, iliyoanzisha COSOZA, ofisi yetu ya hakimiliki, na wengi darasani walikuwa hawajui kama tuna ya kwetu. Walidhani ile ya Bara ya 1999 ndiyo inayotuhusu. Tulitenganisha haki ya mtunzi na haki ya mwenye masta. Niliwauliza, Siti binti Saad alipokwenda Bombay 1928 kurekodi, nauli ya meli ilitoka mfukoni mwa nani, na sahani zilipouzwa, hesabu ilikuwa mikononi mwa nani? Swali hilo sikufundishwa na vitabu vya taarab. Nililipata kwa wapanki.

Mwezi uliopita mpiga kanuni alinitumia picha ya mkataba wake mpya. Usiku mmoja 50,000, usafiri juu ya hoteli. Na kile kifungu cha "haki zote za picha na sauti" kimepigwa mstari kwa kalamu ya buluu, saini mbili pembeni. Nimeichapisha na kuibandika ukutani ofisini. Vyeti vyangu vimo kabatini.

Kwa hiyo, vijana wangu, nisikilizeni. Msiombe ruhusa ya kupenda mnachokipenda. Someni kinachowakosesha usingizi, mkisome mpaka mwisho, kisha mkilete nyumbani mkitie kazini. Na muwe na daftari. Andika unachotumia, andika unachoingiza. Msomi wa muziki asiyejua bei ya nyuzi atawaambia nini wapiga ala? Andika kila wiki, hata ukurasa mmoja, usingoje kualikwa. Soma mkataba kabla ya kutia saini, na kama hakuna mkataba, udai. Na daftari, narudia, daftari. Mkichekwa, msicheke nao.

Baba wa binti nisimsahau, maana hofu yake si ya kupuuzwa. Hata Birmingham, idara ile yenye sifa dunia nzima ilifungwa mwaka 2002. Kama Waingereza waliifunga ya kwao, hapa nani atakuhakikishia kiti? Ndiyo maana nilimwambia binti achukue na ualimu au uhasibu pamoja, kisha aingie huku akiwa na pa kusimama. Na kwenye barua yake ya maombi ya chuo asilifute jina la Poly Styrene, hata mwalimu wake wa skuli akimshauri. Alikuwa ameshalifuta. Nimemwambia alirudishe, na aliweke sentensi ya kwanza.

Jana asubuhi nikapigiwa kwa namba nisiyoijua. Alikuwa baba yake. Tukasalimiana, tukaulizana hali za Wete na za mjini, karafuu na mvua, kisha akasema, "Maalim, samahani, mshahara wako kiasi gani?" Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamtajia. Nikamtajia na makato, na kodi ya nyumba, na ninachompelekea mama, na kinachobaki. Alikuwa akiandika, kalamu nilikuwa naisikia. Akaniomba nirudie ya makato, nikarudia.