Mzazi kusaini matibabu ya mtoto aliyefika miaka 18, England

Dada, umeuliza kama unaweza kuendelea kumsainia matibabu mwanao mwenye ulemavu wa akili. Hapana, akishafika 18 saini ya mama haitoshi tena, hata kama ulemavu huo ni wa kuzaliwa na dawa zenyewe ni za afya ya akili. Sheria ya 2005 ya uwezo wa kujiamulia (Mental Capacity Act) inaanza kwa kumchukulia kila mtu mzima kuwa anaweza kujiamulia mpaka ithibitike hawezi, na anapimwa kwa jambo moja moja: anaweza asielewe madhara ya dawa lakini akajua vizuri kabisa anataka kuishi na nani. Akionekana hawezi, daktari anaamua kwa maslahi yake, ila lazima akusikilize wewe unayemjua. Wakiamua bila kukuuliza, dai kikao cha kujadili maslahi yake. Kuomba mamlaka ya kudumu ya kumwamulia kupitia Court of Protection, mahakama ya mambo ya watu wasioweza kujiamulia, inawezekana, lakini kwa mambo ya afya hawatoi kirahisi.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya matunzo, hili tunafundishwa. Akilazwa kwa lazima chini ya sheria ya afya ya akili ya 1983 (Mental Health Act) kanuni ni nyingine, na Scotland wana sheria yao. Ukihisi ananyanyaswa, piga simu halmashauri, kitengo cha ulinzi wa watu wazima. Kisheria wanawajibika kufuatilia.