Eti maada giza inanaswa na redio?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mi nalima zabibu huku Chamwino. Dogo anasoma UDOM kaja likizo ananiambia kuna wataalamu wanaitafuta maada giza kwa redio, eti ikigongana na nyota inatoa mawimbi. Kitu hakionekani, hakitoi mwanga, kitasikikaje? Au dogo kanipiga fiksi?

JIBU: Marahaba kaka. Dogo hajakupiga fiksi, ila kitu chenyewe hakijanaswa bado, ndo kinatafutwa.

Kwamba maada giza ipo tunajua kwa uzito wake. Miaka ya 1970 mwanafalaki Vera Rubin wa Marekani alipima galaksi, yaani yale makundi makubwa ya nyota, akakuta nyota za pembezoni zinakimbia karibu sawa na za ndani, na kwa uzito tunaouona zingeshachomoka zamani, kwa hiyo kuna kitu kinazishika, na hesabu za leo zinasema ni kama mara 5 ya maada ya kawaida.

Inayoshukiwa mojawapo ni aksioni, chembe nyepesi mno. Hiyo ikipita kwenye sumaku kali inaweza kugeuka wimbi la redio. Na sumaku kali iko kwenye nyota ya nyutroni, mabaki ya nyota iliyolipuka, uzito unazidi Jua ila upana kama kilomita 20 tu, yaani hata kutoka kwako mpaka Dodoma mjini haifiki! Sumaku yake inafika mara trilioni ya hii ya Dunia. Sasa aksioni zikiwa zimejikusanya bonge moja, bonge likaivaa nyota hiyo, mawimbi ya redio yatafumka ghafla, na zikiingia mojamoja utakuwa mnong'ono wa muda wote.

Kinachonivutia mimi ni hiki. Chukua karedio kako ka shambani, zungusha kitufe polepole: kelele kelele kelele, halafu pap, stesheni, ukipitiliza kidogo imepotea. Aksioni nayo ni hivyohivyo, zote zina uzito mmoja na uzito ndo unaamua masafa, yaani pale wimbi linapokaa kwenye redio, kwa hiyo itasikika sehemu moja nyembamba wakati kelele za nyota zimetapakaa kote. Shida hatujui mshale uwekwe wapi, inaweza ikawa hata kwenye gigahezi 2.4, palepale pa waifai.

Darubini ya redio ya Green Bank, Marekani, imeshasikiliza katikati ya galaksi yetu, kimya, na kimya hicho kimefuta baadhi ya masafa kwenye orodha. Huku Afrika Kusini, jangwa la Karoo, darubini nyingine ya redio, MeerKAT, ina madishi 64 na inaunganishwa na mtambo mkubwa zaidi wa SKA utakaofika madishi 197.