Barua kwa mwanangu: Mungu ni wa Gor au wa Ingwe?

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliusoma nikitoka ibada ya akina mama, nikamsomea na baba yako. Unasema mlipokuwa mkitazama Mashemeji debi, mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards, huko Nakuru, uliwaona wachezaji wa Gor Mahia wameshikana mabega wakiomba, kamera ikahamia kwa AFC Leopards, nao wamepiga duara lao wanaomba. Ukauliza Mungu anamsikiliza nani. Halafu ukatia la pili: kanisani kwenu kijana mmoja ametoa ushuhuda jinsi Bwana alivyompa kazi, na kazi hiyo ndiyo ile mliyoendea intavyu pamoja, wewe ukakosa. Unataka kujua kama Bwana amekupita.

Naanza na mpira, maana nyumba hii inaujua. Mimi ni wa Kakamega, na kwetu Ingwe, yaani AFC Leopards, ilikuwa timu ya nyumbani tangu ianzishwe 1964 kwa jina la Abaluhya United. Baba yako ni K'Ogalo damu, mtu wa Gor Mahia. Watu hucheka debi ikiitwa ya mashemeji, lakini wewe ndiwe ushahidi wake, mama Mluhya, baba Mjaluo. Unamkumbuka mjomba wako alipotutembelea Kisumu siku ya debi, akaambiwa aombee chakula? Alianza vizuri, akabariki ugali, akabariki ngege na mikono iliyoikaanga, kisha katikati akachomeka, "na vijana wetu wa Ingwe, Bwana, uwatie nguvu miguuni." Sote tukasema amina isipokuwa baba yako. Alifumbua jicho moja, akasema, "Ya chakula, amina. Hiyo ingine, hapana." Mjomba wako akalazimika kuomba upya, samaki akipoa.

Nacheka, lakini baba yako alikuwa ameona jambo. Angesema amina, angekuwa anaomba timu yake ishindwe.

Yeye naye ana lake. Hachoki kusimulia mwaka 1987, Gor walipolichukua Kombe la Mandela, lile la klabu za Afrika, mbele ya Espérance ya Tunisia. Kule Tunis 2-2, Nairobi 1-1, kombe likabaki kwetu kwa magoli ya ugenini: Gor walifunga mawili kwao, wao moja tu kwetu. Husema ule ulikuwa mkono wa Mungu. Mimi humuuliza: Mungu aliketi akihesabu magoli ya ugenini? Na kule Tunis hakuna mama aliyemwombea mwanawe? Tena timu yenyewe imebeba jina la mganga wa kienyeji wa Kanyamwa, huko Ujaluoni! Hapo hunyamaza, halafu anaomba chai.

Sasa nikupeleke kwa mchezaji ambaye baba yako hapendi kumtaja, kwa kuwa baba yako ni shabiki wa Liverpool. Mwaka 2007 huko Athens, AC Milan waliifunga Liverpool 2-1 katika fainali ya Ulaya. Kipenga kilipolia, Kaká wa Milan alipiga magoti uwanjani, na fulana yake imeandikwa kwa Kiingereza kwamba yeye ni mali ya Yesu. Baba yako alizima televisheni kabla kombe halijatolewa. Lakini mimi nilikuwa nimeisoma ile fulana. Haikusema Yesu ni wa Milan. Na miaka miwili nyuma, 2005 kule Istanbul, Kaká huyo huyo alikuwa uwanjani Milan wakiongoza 3-0 hadi mapumziko, Liverpool wakasawazisha yote na kuwashinda kwa penalti. Alikuwa mali ya nani usiku ule?

Fungua Yoshua sura ya 5, mwishoni. Yoshua yuko karibu na Yeriko, anamwona mtu amesimama na upanga wazi mkononi, anamwuliza swali lako kabisa: "Je! Wewe u upande wetu, au upande wa adui zetu?" Jibu linaanza na "La." Huyo ni amiri wa jeshi la Bwana, wala hakuja kujiandikisha katika kambi ya mtu. Na Yoshua hakubishana. Alianguka kifudifudi, akauliza Bwana wake anamwambia nini, akaambiwa avue viatu. Jeshi lake lilikuwa linaenda vitani siku hizo hizo, ila swali la upande hakulirudia.

Juu ya wanaoombea mkeka wa kubeti sikuandikii. Nikianza sitamaliza.

Nije kwa huyo kijana. Hakukosea kumshukuru Mungu, kazi ni riziki. Kinachonikera mimi ni ushuhuda unaowahesabu waliokosa, "tulikuwa wengi, Bwana akaniteua mimi," na mmoja wa hao wengi ameketi benchi la nyuma, naye alifunga na kuomba. Kwa nini yeye na si wewe? Pengine alijibu maswali vizuri kukushinda. Pengine ana mjomba ofisini. Si kila barua ya ajira imetiwa sahihi mbinguni, mwanangu, na tusimbebeshe Mungu mambo ya meneja.

Kuhusu kupitwa: Gethsemane Yesu aliomba kikombe kile kimwepuke. Hakikumwepuka. Usiku ule Mwana mwenyewe alikosa alichoomba, na hakuna Mkristo anayesema Baba alimpita. Kwa hiyo usiipime nafasi yako kwa Mungu kwa barua ya kazi iliyokwenda kwa jina la mwingine. Kama unaumia, umia, umwambie. Zaburi zimejaa watu waliomlalamikia Mungu kwa sauti, na hazikuondolewa kwenye Biblia.

Jumapili mpe mkono huyo kijana. Paulo anaandika, "Furahini pamoja nao wafurahio, lieni pamoja nao waliao," na nusu ya kwanza ndiyo ngumu. Ukiweza, mwambie pia kwamba ulikuwa kwenye ile intavyu. Hajui, labda. Akijua, anaweza kukuambia waliuliza nini walipokuwa naye peke yake.

Na ndiyo, omba kabla ya intavyu ijayo. Omba usitetemeke, usidanganye kwenye karatasi zako, ukumbuke uliyosoma. Ukitaka kazi hiyo, mwambie unaitaka, usijifanye huijali. Wataje na wale mtakaoketi nao pale nje mkisubiri kuitwa.

Baba yako anakusalimu. Anasema Kaká alikuwa mchezaji mzuri, ila 2005 ilikuwa ya Mungu.

Mama yako
Kisumu