Jibu: Kidonda cha mgongoni cha punda hakifungi

Salaam ndugu. Umesema umempaka punda mwarobaini na shubiri wiki tatu, kidonda kibichi na nzi wamejaa. Kabla ya kubadili dawa, tazama soji, yaani tandiko la mizigo mgongoni. Kama bado anabeba mizigo, hakuna jani litakaloponya kidonda kinachosuguliwa kila siku. Mpumzishe kabisa, tafadhali.

Kisha osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kidogo cha chumvi kwa nusu lita. Jani la mshubiri ukishalikata, lisimamishe hadi utomvu wa manjano uchuruzike wote, maana huo unawasha. Ukiona punda anatetemesha ngozi kila ukimpaka, shuku huo. Menya, paka ule ute mwangavu tu. Mafuta ya mwarobaini mimi hupaka pembezoni kufukuza nzi, ndani ya kidonda sitii.

Kikinuka, kikitoa usaha au ukiona funza, mwite daktari wa mifugo. Muulize pia chanjo ya pepopunda, kwani punda hushikwa upesi na ugonjwa huo, na mitishamba haiuzuii. Akikakamaa miguu au taya, usisubiri kuche.