Jibu: Blokucheni ya ruhusa ina tofauti gani na hifadhidata ya kawaida?

Mkuu, umeuliza kama lazima upewe ruhusa kuingia, si ni hifadhidata tu iliyopakwa rangi? Blokucheni ni daftari la kidijitali la miamala lenye nakala kwa wanachama wengi, na ya ruhusa ni ile ya waliokubaliwa tu. Tofauti iko kwa anayeshika daftari: hapa halishikwi na mmoja.

Chukua stakabadhi ya ghala la alizeti hapa Dodoma, yaani hati ya mzigo uliowekwa ghalani. Ushirika, mwendesha ghala, benki na mnunuzi, kila mmoja ana nakala kwenye seva yake na anaingia kwa cheti cha kidijitali, kwa hiyo wote wanajulikana. Sasa stakabadhi ya magunia 200 inawekwa dhamana ya mkopo. Kwenye Hyperledger Fabric, programu ya kujengea blokucheni za ruhusa, muamala unapita kwanza kwa wale ambao kanuni inawataka waidhinishe, tuseme ghala na benki, nao wanatia saini. Kisha seva za kupanga zinaufungia kwenye bloku, yaani fungu la miamala, na kila seva inakagua saini kabla ya kuupokea. Stakabadhi ileile ikipelekwa benki nyingine iliyomo kwenye mtandao huohuo, inaonekana tayari imeshikwa. Hakuna uchimbaji kama wa Bitcoin, ambapo kompyuta hushindana kukokotoa na kula umeme mwingi, kwa hiyo umeme si hoja.

Lakini magunia yakiwa pungufu ghalani, mtandao utatunza uongo huo vizuri sana!

Na kama ni taasisi moja tu ya serikali inayoandika na kusoma, usihangaike, hifadhidata ya kawaida kama PostgreSQL inatosha. Ugumu hasa ni kuwaleta washindani mezani. TradeLens, mtandao wa blokucheni wa usafirishaji wa makontena wa kampuni za Maersk na IBM, ilikuwa inafanya kazi, ila mwaka 2022 wakatangaza kuifunga kwa kukosa ushirikiano wa kutosha wa sekta nzima.