Kumpata mfasiri wa Kiburma kwa nyaraka za kitabibu
Ndugu muulizaji, kwa kuwa fomu zako za ridhaa ya wagonjwa zinahitaji mfasiri wa Kiburma (lugha ya Myanmar) anayeifahamu tiba, usianze na bei. Pitia orodha ya wafasiri kwenye tovuti ya ProZ ukichuja kwa fani, kisha ulizia miongoni mwa Waburma walioko Mae Sot, mji wa Thailand mpakani mwa Myanmar, ambako kliniki huhudumia wahamiaji. Kila mfasiri utakayempata mpe ukurasa wa majaribio (na umlipe), kisha daktari anayekisoma Kiburma aupitie. Sharti linalosahauliwa mno ni hili: faili liandikwe kwa Unicode, mfumo wa kimataifa wa kuwakilisha herufi kwenye kompyuta, wala si kwa Zawgyi, mfumo wa zamani wa herufi za Kiburma ambao Myanmar ilianza kuuacha rasmi mwaka 2019, kwani mifumo hiyo ikichanganywa herufi huvurugika, na mpanga kurasa asiyejua Kiburma hatagundua mpaka fomu zimeshachapwa.